Maneno ya Mikononi

Baba yangu alikuwa katekista wa shapeli yetu, kwenye kilima kimoja cha Musienene, tangu kabla sijazaliwa. Padri alifika mara chache, barabara ikikubali. Jumapili nyingine zote zilikuwa za baba. Alisoma Neno, akalieleza, akaanzisha nyimbo, akatoa matangazo, kisha akarudi nyumbani na kuendelea kusema. Alisema na mama, na majirani, na mbuzi, na maharagi yaliyochelewa kuota. Sisi watoto wake tulikulia ndani ya sauti ile kama watu waliojenga karibu na maporomoko ya maji. Tuliishtukia tu siku iliponyamaza.

Naeleza hivyo ili ieleweke alikuwa mtu wa namna gani alipoletewa mjukuu asiyesikia.

Mimi nilikuwa nimeolewa Beni. Mume wangu alinunua kakao upande wa Oicha na kuileta mjini. Mimi niliuza vitenge sokoni. Binti yetu alikuwa ameanza kutamka maneno machache, "mama", "maji", na neno moja la kwake mwenyewe alilomwitia paka, pale homa ya uti wa mgongo ilipomshika. Alilazwa, akapona, tukamshukuru Mungu, tukamrudisha nyumbani. Siku ileile, nikiwa napika, mfuniko wa sufuria uliniponyoka ukaanguka kwenye saruji nyuma ya mgongo wake. Paka aliruka akapotelea uani. Mtoto aliendelea kupanga vizibo vyake vya chupa. Niliuokota mfuniko nikauangusha tena, makusudi, karibu naye zaidi. Vizibo viliendelea kupangwa, kimoja baada ya kingine, kwa utulivu mkubwa.

Daktari wa Butembo alimpima, akatueleza kwa upole kwamba masikio yale hayatarudi. Yale maneno machache nayo yakapotea polepole. Neno la paka ndilo lililochelewa kuondoka.

Miaka ile njia ya Oicha ilikuwa mbaya. Watu waliuawa mashambani mwao, na kakao ilikauka mtini kwa kukosa wa kuivuna. Mara kwa mara mitaa yetu ya Beni ilisikia risasi, na kila mtu alijua la kufanya: kulala chini, au kushika mtoto na kukimbia. Binti yangu hakusikia risasi. Alikuwa akicheza nje, watu wakimpita mbio, naye akiwatazama kwa mshangao kama wanaocheza mchezo ambao hakuna aliyemweleza. Siku moja nilimkuta katikati ya njia tupu, peke yake, akinitafuta kwa macho. Jioni ile mume wangu nami tulikubaliana kwamba ataenda kukaa kwa wazazi wangu mpaka hali itulie.

Baba alimpokea kwa kumnyanyua juu na kumsemesha kwa sauti ya shapeli.

"Karibu, mama mudogo! Karibu kwa koko yako!" Koko ndivyo tunavyowaita babu na bibi. "Uko unanisikia? Eh? Mi njo koko!"

"Muzee," mama alisema toka mlangoni, "unapiga kelele ya bure. Mutoto hasikie."

"Atasikia. Mungu iko mukubwa."

"Mungu iko mukubwa, mais masikio yake ni ile ile. Mushushe, atalia."

Lakini hakulia. Alikuwa ameweka kiganja chake kwenye kifua cha baba, na macho yalikuwa yamemtoka. Kitu kilikuwa kikitetemeka mle ndani, naye alikihisi. Kila baba aliponyamaza, alimpiga kifuani kidogo ili aendelee. Niliwaacha hivyo, nikarudi Beni.

Nilikaa msimu mzima wa kupanda bila kurudi. Nilipopata nafasi, nilipanda gari mpaka Butembo, kisha pikipiki mpaka Musienene. Ilikuwa siku ya soko, njia imejaa akina mama na mizigo ya viazi. Nyumbani nilimkuta mama peke yake, anachambua mboga.

"Batu biko wapi?" nikamuuliza.

"Biko ku maharagi. Utabakuta banasemezana."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Nani anasemezana na nani?"

"We enda uone," mama alisema, bila kuinua macho kwenye mboga zake.

Shamba letu linashuka kutoka nyuma ya nyumba hadi kwenye kijito. Niliwaona kutoka juu kabla hawajaniona. Baba alikuwa amechuchumaa kwenye udongo, jembe limelala kando, na mtoto wangu amesimama mbele yake. Mikono ya mtoto ilikuwa ikienda. Sikuwa nimewahi kuona mikono ikienda vile. Alitandaza vidole vyote kumi akavifanya vizunguke juu ya kichwa chake, taratibu, taratibu, kisha vikashuka ghafla na kukamata. Akakunja viwiko akavipigapiga mbavuni: kuku. Akabana kidole gumba na cha shahada, kitu kidogo kabisa: kifaranga. Akainua kile kidogo juu, juu, mpaka akasimama kwa ncha za vidole vya miguu. Baba alifuata kwa kichwa mpaka mbinguni. Kisha mtoto alifanya kitu kimoja zaidi. Alirusha mkono wake juu ya bega, nyuma, kama mtu anayetupa ganda la ndizi. Baba aliitikia kwa kichwa, akarusha na yeye mkono juu ya bega lake, na uso wake ukaonyesha masikitiko ya kweli.

Nilishuka. Mtoto alinikimbilia, nikambeba, nikamuuliza baba mtoto alikuwa akimwambia nini.

"Kozi alinyakula mutoto wa kuku," baba alisema. "Jana."

"Jana?"

"Jana." Akarusha mkono juu ya bega. "Ile njo jana. Kesho ni hivi." Akaupeleka mkono mbele, kama mtu anayetoa kitu.

Nilikaa chini palepale, kwenye tuta la maharagi, na nguo zangu za safari. Kwa muda wote nilioishi na binti yangu nilikuwa nikimwonyesha sahani na kumwonyesha kitanda. Nilijua anapoona njaa, nilijua anapoona usingizi. Sikujua kwamba alikuwa na jana. Sikujua kwamba aliibeba ndani yake, nzima, na kozi wake na kifaranga wake, akitafuta mtu wa kumpa.

"Nani alimufundisha?" nikauliza.

Baba alicheka. "Hapana mi. Yeye njo alinifundisha." Akanieleza ilivyoanza. Mtoto alikuwa akimjia kila mara na ngumi iliyofungwa, anaifungua, anaifunga, na baba alifikiri anacheza. Akarudia. Akarudia tena. Mwisho alichoka naye, akamvuta kwa mkono mpaka nyuma ya nyumba, mahali kuku alikuwa ametaga bila mtu yeyote kujua. "Kumbe ile ngumi ni yai. Anasema yai, yai, na mi niko natazama tu. Donc nikamuuliza ingine. Nikamuonyesha mbuzi. Akanipatia mbuzi. Nikamuonyesha mvua. Akanipatia mvua. Siku ile hatukulima."

Mtu huyu aliyekuwa ameeleza Neno kwa watu wazima miaka yote hiyo alikuwa sasa anatembea nyuma ya mtoto mdogo, akimwomba maneno, moja moja, na kuyashika. Yale ambayo mtoto hakuwa nayo waliyatengeneza pamoja. Kila mmoja wetu alikuwa na jina. Mimi nilikuwa mkono unaonyooshwa kupima kitenge. Mume wangu alikuwa ganda la kakao linalopasuliwa. Mama alikuwa vidole viwili nyuma ya sikio la kushoto, pale anapofungia fundo la kitambaa chake cha kichwa. Na baba mwenyewe alikuwa kiganja kifuani.

Mimi pia nilijaribu kujifunza. Nilijua ishara za kula, za kulala, za njoo. Lakini wao wawili walienda mbio, na walikuwa na mambo mengi.

Miaka ilipita. Tulihama Beni tukahamia Butembo, nikafungua meza yangu ya vitenge, na binti yetu akaingia shule ya watoto wasiosikia. Huko alijifunza alama nyingine, za shule, zilizonyooka na za haraka. Mwisho wa wiki alipanda pikipiki kwenda kwa koko yake kumfundisha alizojifunza. Baba alikubali nyingine, akakataa nyingine. "Ile yai ya masomo hapana," aliniambia. "Yai yetu iko muzuri." Basi binti yangu akawa na lugha mbili, moja ya Butembo na moja ya Musienene, na hakuzichanganya.

Alikuwa amenifikia mabega pale tulipopata simu kwamba baba ameanguka.

Ilikuwa asubuhi, anang'oa maharagi. Majirani walimbeba kwa machela mpaka hospitali. Nilipofika nilimkuta kitandani, mdomo umevutwa upande mmoja, mkono na mguu wa kulia vimelala kama si vyake. Daktari alisema mshipa umeharibika kichwani. Macho yalikuwa yake, yaleyale, na yalinitambua. Lakini mdomo ulipofunguka ilitoka sauti moja tu, nzito, isiyo na umbo. Alijaribu tena. Sauti ileile. Nilimwona akisikiliza mwenyewe kilichotoka, na akafumba mdomo.

Mkono wa kushoto haukutulia. Aliupeleka nyuma ya sikio. Kisha mdomoni. Kisha akautikisa hewani. Sikio, mdomo, tikisa. Tulipomwinamia alianza upya, kwa nguvu zaidi.

"Sikio inamuuma," alisema infirmier, muuguzi wa zamu, akaleta taa akachungulia ndani ya sikio. Hakuona kitu. Akatia dawa ya matone. Baba aliusukuma mkono wake.

"Anataka Komunyo," alisema jirani mmoja, kwa sababu ya ule mkono mdomoni. Tulimwita padri, akaja, akampa sakramenti, na baba aliipokea kwa heshima zote. Padri alipomaliza, mkono ulirudi nyuma ya sikio.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni ya ukuta, mikono mapajani.

Mume wangu alimleta binti yetu kutoka shule siku iliyofuata. Nilikuwa nimemweleza kadiri ya mikono yangu mibovu, nami niliogopa jinsi atakavyouona ule uso. Alisimama mlangoni. Akautazama mdomo uliopinda, akautazama mkono uliolala. Kisha akaenda moja kwa moja kitandani, akaweka kiganja kwenye kifua cha koko yake, akakiacha hapo kwa muda, kama mtu anayebisha hodi na kungoja.

Baba akaanza. Sikio, mdomo, tikisa.

Binti yangu aliangalia mara moja tu. Akageuka, akamtazama mama yangu kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka miguuni. Akatutazama sisi wote, na nilijua uso ule: ni ule anaotupa tunapokuwa wazito. Akafungua kapu tulilokuja nalo, akatoa fufu na sombe, mboga ya majani ya muhogo, akajaza sahani, akaiweka kwenye mapaja ya mama yangu, akamshika mkono akautia kwenye chakula.

Hapo ndipo nilipoliona fundo la kitambaa, nyuma ya sikio la kushoto.

"Mama," nikasema, "ulikula wakati gani?"

"Nilikuwa nitakula," mama alijibu.

"Wakati gani?"

Tulikuwa tumekula kwa zamu, huyu anatoka, huyu anaingia, kila mmoja akiamini kwamba mwingine amempa. Hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kukumbuka kumwona mama akitia kitu mdomoni tangu mumewe aanguke. Aliyeona ni yule aliyelala, asiyeweza kugeuza shingo vizuri. *Mama hajakula.* Alilisema kwa infirmier, akalisema kwa padri, akalisema kwetu wote, mpaka akaja mtu wa kumwelewa.

Mama alikula. Baba alimwangalia mpaka sahani ikaisha, ndipo akafumba macho akalala. Infirmier alibaki amesimama na ile chupa ya matone mkononi. "Mungu wangu," alisema kwa sauti ya chini, na nadhani alisema kwa niaba ya chumba kizima.

Baba alirudi nyumbani lakini maneno ya mdomoni hayakurudi naye. Mkono wa kulia nao ulibaki umelala. Na maneno yao mengi, yeye na mjukuu wake, yalikuwa ya mikono miwili. Nyumba ilikuwa mikono miwili inayokutana kama paa. Mvua ilikuwa vidole kumi. Nilijiuliza watafanyaje, lakini wao hawakujiuliza muda mrefu. Mwisho wa wiki wa kwanza niliwakuta kibarazani, binti yangu amekaa upande wa kulia wa koko yake, bega kwa bega. Baba alinyanyua mkono wa kushoto, umeinama kidogo. Binti yangu alinyanyua wa kwake wa kulia akaukutanisha nao. Nyumba. Baba alianza nusu ya neno, naye akalimalizia. Alikuwa amemwazima mkono. Kilichonishangaza ni kwamba mkono ule mmoja ulikuwa unafanya kazi mbili: ulisema pamoja naye, na hapohapo ulimsikiliza.

Kwa njia hiyo tulimpata tena. Alituma kwamba kamba ya mbuzi imeisha, kwamba viazi visiuzwe bado, kwamba jirani wa chini asamehewe lile jambo la mpaka. Binti yangu alituigizia polepole, akituonyesha vitu kwa kidole, akirudia, mpaka tushike. Siku moja alimwendea mama akamgusa fundo la kitambaa, akampa ujumbe mrefu. Mama alitazama mpaka mwisho, kisha akacheka akajifunika mdomo kwa kitenge.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Haibaangalie," mama alisema, yaani hayatuhusu, na mpaka leo hajatuambia.

Kabla ya msimu wa kupanda, katekista mpya, kijana aliyefundishwa na baba mwenyewe, alikuja nyumbani. Kila mwaka, kabla ya mvua, watu huleta mbegu shapelini ziombewe, na sala hiyo ilikuwa ya baba siku zote.

"Baba," kijana alisema, "ile sala ya mbegu, mi siwezi kuichukua wakati ungali hai. Ukuye uifanye."

Mama alishtuka. "Ataifanya namna gani? Na kinywa gani?"

Baba alimtazama mjukuu wake. Mkono ukasema kitu kifupi. Binti yangu aliitikia kwa kichwa: ndiyo.

Jumapili ile shapeli ilijaa. Akina mama waliweka vikapu mbele, maharagi mekundu, maharagi ya njano, mahindi, mbegu za viazi zilizoanza kutoa macho. Mume wangu na katekista walimshika baba mpaka mbele wakamsimamisha. Binti yangu alisimama kuliani kwake, akamwegemeza kwa bega lake. Nilikuwa nimejiandaa kutafsiri, mtu mzima nimekaa kiti cha mbele. Binti yangu aliniona, akanyoosha kiganja kwangu: kaa tu.

Wakaanza. Mkono wa kushoto wa mzee na mkono wa kulia wa mtoto viliinuka pamoja, vikashika mpini, vikalima. Mara moja, mbili, na udongo ukageuka; kila mtu mle ndani alilijua pigo lile katika mgongo wake. Vidole vikabana mbegu, vikaiweka, vikafukia. Mikono ikatulia. Ikangoja. Walingoja kwa muda mrefu, kama tunavyongoja sisi, na nilisikia watu wakijisogeza kwenye mabenchi. Kisha mikono ikapanda juu kabisa, ule mzee na ule mchanga, na vidole vikaanza kushuka vikichezacheza, na mvua ikanyesha mle shapelini. Sijui niseme vipi tena. Mwanamke mmoja nyuma yangu alisema "Eh!" na nilipogeuka nilimwona amekinga kiganja. Mvua ilishuka mpaka chini, ikaingia, na kutoka pale chini kidole kimoja kikachomoza. Kimepinda, kama shina la haragi linavyopinda likitoka. Kikajinyoosha. Kikafungua.

Hakuna aliyeimba, hakuna aliyekohoa. Baba alishusha mkono akauweka juu ya kapu la kwanza, na mjukuu wake akauweka wake juu ya wa baba.

"Wasingya," mzee mmoja alisema, asante, kwa Kinande. Kisha mwingine, kisha shapeli yote, kwa sauti za chini: "Wasingya, wasingya." Binti yangu hakuzisikia, lakini aliziona nyuso, akaona haya, akajificha nyuma ya koti la koko yake. Alikuwa bado mtoto.

Mavuno ya msimu ule yalikuwa ya kawaida, si mengi, si haba. Nakumbuka watu wakitania kwamba safari ijayo wale wawili wanyeshe mvua zaidi kidogo.

Baba yuko hai. Amepungua, na miguu inazidi kukataa, lakini macho bado hayakosi kitu. Binti yangu anaelekea kumaliza masomo. Anataka kufundisha wadogo wa shule yake, na nadhani ataweza, kwa jinsi anavyonifundisha mimi. Ananishika vidole ananipindia vizuri, bila hasira, kama ninavyomwona mtoto wa chekechea akishikishwa kalamu. Nimejifunza kwa kuchelewa na nasema kama mgeni.

Juzi nilikwenda Musienene nikawakuta kibarazani, nikakaa mbele yao, nikaamua kuwapa habari nzima, ya kwanza niliyowahi kuwapa. Ilihusu mwanamke aliyekuja kwenye meza yangu Butembo, akachagua kitenge, akakikataa, akachagua kingine, akakikataa, akakifungua kila kitambaa nilichokuwa nacho, na mwisho akaondoka amesahau mwanaye mdogo amelala juu ya marobota. Nilirusha mkono juu ya bega: jana. Nilikosea mara nyingi. Wao wawili waliniangalia usoni na mikononi, hawakunikatiza, hawakutazama pembeni hata kuku walipopita miguuni mwao. Sijawahi kusikilizwa hivyo na mtu yeyote maishani mwangu.

Nilipomaliza, baba akainua mkono wa kushoto, na binti yangu akauongezea wa kwake, wakaniuliza: na yule mtoto alipoamka, alilia?

Nikawajibu kwamba hapana. Alikaa kitako juu ya vitenge, akaniomba maji.